Sala Iliyopigiwa Kura

Mwaka 1993 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Highland Regional, sekondari ya umma kusini mwa jimbo la New Jersey, walipewa karatasi za kura. Hawakuwa wanachagua kiranja wala wimbo wa kuagana. Waliulizwa kama mahafali yao yawe na sala, yawe na muda wa kukaa kimya, au yasiwe na lolote kati ya hayo mawili. Waliotaka sala walikuwa 128. Waliotaka ukimya walikuwa 120, na 20 hawakutaka chochote. Sala ikatangazwa mshindi, ingawa wanafunzi 140 hawakuwa wameichagua.

Msomaji wa Morogoro au Mombasa huenda akashangaa sala kupigiwa kura. Huku kwetu mshereheshaji humkaribisha sheikh, kisha padri au mchungaji, kila mmoja akawaombea wahitimu, watu wakaitikia, na risala kwa mgeni rasmi ikaendelea. Nyimbo za taifa za Tanzania na Kenya zenyewe ni maombi kwa Mungu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, lakini ni nadra kumsikia mzazi akisema dua ya mahafali imeivunja. Afrika Mashariki imelimaliza suala kwa kuongeza: dini mbili, maombi mawili. (Mhindu na asiye na dini husubiri zamu isiyofika, ila hiyo ni makala ya siku nyingine.)

Marekani ilishika njia ya kupunguza. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku sala ya maneno 22 ya Kiingereza iliyotungwa na bodi ya elimu ya jimbo la New York ili isomwe asubuhi madarasani. Mwaka uliofuata ikaondoa usomaji wa Biblia na Sala ya Bwana katika ratiba ya shule za umma. Hoja ilikuwa ile ile: Katiba inaikataza serikali kuanzisha dini, na shule ya umma ni mkono wa serikali. Mahafali hayakuguswa. Pengine ni kwa sababu hufanyika mara moja tu kwa mwaka, watu wamevaa vizuri, bibi na babu wamesafiri kutoka mbali, na hakuna anayetaka kuharibu siku ya mtoto.

Kesi iliyoyafikia mahafali ilitoka Providence, mji mkuu wa Rhode Island. Mwaka 1986 familia moja ya Kiyahudi, akina Weisman, ilimsindikiza binti mkubwa kwenye mahafali ya shule ya kati ya Nathan Bishop. Mchungaji wa Kibaptisti akawataka watu wasimame, akaomba kwa jina la Yesu. Wazazi walilalamika. Mwaka 1989 ikafika zamu ya binti mdogo, na safari hii mkuu wa shule, Robert E. Lee, alimwalika rabi, Leslie Gutterman. Alimpa na kijitabu cha mwongozo wa namna ya kuomba mbele ya watu wa dini mbalimbali, chenye kusisitiza maneno ya kuwajumuisha wote.

Kwa mtazamo wa wengi hiyo ilikuwa hisani iliyokamilika: familia ya Kiyahudi imelalamika, nayo imeletewa rabi. Baba hakuridhika. Siku nne kabla ya sherehe alikwenda mahakamani kuomba zuio, jaji akasema muda hautoshi kulisikiliza shauri. Tarehe 29 Juni 1989 rabi alimshukuru Mungu kwa uhuru wa nchi ambamo haki za wachache zinalindwa, wahitimu wakapokea vyeti, na familia ikaendelea na kesi. Hoja yake haikuwa kwamba sala ile imewatukana. Ilikuwa kwamba kama si haki mtoto wa Kiyahudi kusimamishwa kwa sala ya Mbaptisti, basi mtoto wa Kibaptisti naye asisimamishwe kwa sala ya rabi.

Tarehe 24 Juni 1992 Mahakama ya Juu ilikubaliana na familia hiyo, majaji watano kwa wanne. Hukumu aliiandika Jaji Anthony Kennedy. Alisema mkuu wa shule ndiye aliyeamua sala iwepo, ndiye aliyemchagua msomaji, na ndiye aliyempa mwongozo wa maneno, hivyo sala ile ilikuwa ya serikali. Shule ilijitetea kwamba kuhudhuria mahafali ni hiari ya mtu. Kennedy hakuikubali hoja hiyo: kumwambia kijana achague kati ya imani yake na siku aliyoisubiri miaka yote si kumpa hiari. Na kijana aliyesimama kimya katikati ya wenzake hana njia ya kuonyesha kwamba amesimama kwa adabu tu, si kwa kuabudu.

Jaji Antonin Scalia alimjibu kwa kejeli alizokuwa hodari nazo. Aliona wenzake wamegeuka wanasaikolojia. Akakumbusha kwamba marais wa Marekani wamekuwa wakimtaja Mungu katika hotuba za kuapishwa tangu George Washington, na kwamba dakika chache kabla ya sala ya rabi watoto wale wale walisimama kwa kiapo cha bendera, ambacho tangu 1954 kina jina la Mungu ndani yake. Kama kusimama ni kulazimishwa, mbona kiapo kiachwe? Ni swali zito, na hukumu ya Kennedy hailijibu sawasawa.

Nyaraka za Jaji Harry Blackmun, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 2004, zilionyesha kuwa Kennedy mwenyewe alikuwa amepangiwa kuandika hukumu ya kuiruhusu sala. Alipoanza kuiandika akaona haikai, akahamia upande wa pili. Mwelekeo wa shule za nchi nzima uligeuka kwa kalamu ya mtu mmoja.

Ndipo mbinu ya kuwapa wanafunzi kipaza sauti ilipoanza kuenea. Kama kosa ni mkuu wa shule kuamua, basi aamue mwingine. Wilaya ya shule ya Clear Creek, karibu na Houston, Texas, ilikuwa na kanuni kwamba sala itakuwepo ikiwa tu darasa la wahitimu litaitaka, itasomwa na mwanafunzi aliyejitolea, na haitakuwa ya dhehebu fulani wala ya kushawishi watu. Novemba 1992 mahakama ya rufani ya eneo hilo iliipitisha, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo tena. Wanaharakati wa sala shuleni wakaishika kanuni hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 1993 huko Jackson, Mississippi, wanafunzi wa sekondari ya Wingfield walipiga kura 490 dhidi ya 96 kutaka sala isomwe kila asubuhi kwenye spika za shule. Mkuu wao aliruhusu, akafukuzwa kazi, wanafunzi wakaandamana, naye baadaye akarudishwa.

New Jersey ndiko hoja ya kura ilikopimwa vizuri zaidi. Baada ya ile kura ya Highland, mwanafunzi mmoja alimwendea mkuu wa shule na ombi: kwa kuwa sasa jukwaa ni la wanafunzi, je, chama cha kutetea uhuru wa raia kinaweza kuja kuzungumza na wahitimu kuhusu ngono salama na kondomu? Jibu likawa hapana. Hapo fumbo lilifumbuka. Jukwaa halikuwa la wanafunzi. Shule bado ndiyo iliyoamua nini kisemwe na nini kisisemwe, ila kwa jambo moja tu, sala, ilisema haihusiki. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ilitaja tukio hilo ilipoibatilisha kanuni iliyoruhusu kura ile, ikaongeza kwamba haki za dini za wachache haziwezi kuwekwa mikononi mwa kura za walio wengi.

Hao wachache si lazima wawe Waislamu au Wahindu. Kesi ya mwaka 2000 kutoka Santa Fe, mji mdogo wa Texas wenye Wabaptisti wengi, ilifunguliwa na familia mbili za Kikristo, moja ya Kimormoni na nyingine ya Kikatoliki, na mahakama iliruhusu majina yao yafichwe ili wasisumbuliwe na majirani. Shule iliitisha kura mbili: ya kwanza kuamua kama sala iwepo kabla ya mechi za mpira wa Kimarekani, ya pili kumchagua msomaji. Majaji sita dhidi ya watatu wa Mahakama ya Juu waliukataa utaratibu huo. Jaji John Paul Stevens aliona kwamba kura ya namna hiyo inahakikisha mgombea wa upande wa wachache hatashinda kamwe.

Mlango mmoja ulibaki wazi. Kaunti ya Duval, Florida, iliandika kanuni isiyotaja sala kabisa: wahitimu wakitaka, mwenzao mmoja atatoa ujumbe usiozidi dakika mbili, na mtu yeyote wa shule asiusome kabla. Mwaka 1993, katika shule 17 za kaunti hiyo, ujumbe wa shule 10 uligeuka sala na shule 7 hazikuwa na sala. Mahakama ya rufani iliiruhusu, na ikairuhusu tena hata baada ya Santa Fe. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ina maana. Mwanafunzi wa Duval angeweza kusoma Zaburi, dua, au vichekesho vya miaka yao minne darasani, na mwalimu angeusikia ujumbe huo siku moja na wazazi.

Mahakama hazifiki kila mahali. Juni 2013, katika kaunti ya Pickens, South Carolina, mwanafunzi aliyeongoza darasa alipanda jukwaani na hotuba iliyoidhinishwa, akaichana mbele ya watu, akaanza Sala ya Bwana. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Hakuwa ametumwa na shule, na hakuna wa kumshtaki. Lakini vifijo vile pia ndivyo alivyokuwa akivizungumzia Kennedy: fikiria uko kwenye kiti chako, umevaa joho, wewe peke yako hukuitikia.

Miji mingi ina suluhisho la zamani lisilohitaji wakili. Makanisa huandaa ibada ya wahitimu siku ya pembeni, nje ya ratiba ya shule, anayetaka anakwenda. Mambo ya kalenda ndiyo huwa magumu zaidi: Mwadventista na Myahudi anayeshika Sabato hawawezi kufika kwenye mahafali ya Jumamosi mchana, na mwaka 2018 Ramadhani iliangukia Mei na Juni, msimu wenyewe wa mahafali. Malalamiko hayo hayafiki Mahakama ya Juu. Mara nyingi huishia kwenye ofisi ya mkuu wa shule.

Mwaka 2022 mahakama hiyo, ikiwa na majaji wengine, ilimpa ushindi kocha wa mpira wa Kimarekani katika jimbo la Washington aliyekuwa akipiga magoti uwanjani kuomba baada ya mechi. Jaji Neil Gorsuch aliandika kwamba mambo ya dini ya umma yapimwe kwa historia na desturi za nchi, ambayo ndiyo hoja ya Scalia ya 1992. Hukumu ya Providence haikufutwa, lakini kwa majaji waliopo sasa ni vigumu kuona ingepata kura tano ikiletwa upya. Wanasiasa wameshalisoma hilo. Mwaka 2025 Texas ilipitisha sheria inayozitaka bodi za shule zipige kura kama zitatenga muda wa sala katika siku ya masomo, na mtoto asishiriki bila idhini iliyotiwa saini na mzazi.