UTUMBO WA MTOTO NA PUNJE YA ZINKI: FUNZO KUTOKA HANDENI

Barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni huliacha nyuma bonde la mto Pangani na mashamba yake ya mkonge, kisha huingia katika nchi kavu ya Uzigua. Korogwe ina mto usiokauka. Handeni mvua ni za kubahatisha, na kwa miaka mingi wanavijiji wameishi kwa kutegemea malambo, visima vifupi, na bomba kubwa ambalo chanzo chake ni huo huo mto Pangani. Mahali ambapo ndoo moja ya maji huteka nusu ya siku ya mama, chombo cha mtoto husuuzwa kwa maji machache, na mikono hunawishwa kwa kupima. Katika hali hiyo vijidudu vya kuharisha hupata njia nyepesi ya kufika tumboni.

Ndiko huko Handeni ambako katika miaka ya 2008 na 2009 ulifanyika utafiti uliowapa wataalamu wa utumbo na wa lishe jambo la kufikiria hadi leo. Swali lenyewe lilionekana kuwa jepesi: je, mtoto mwenye lishe duni akipewa kila siku madini na vitamini anazozikosa, ataugua kwa uchache zaidi? Jibu lililopatikana halikuwa «ndiyo» wala «hapana». Ili kulielewa, hapana budi kwanza kutazama kazi ya utumbo wenyewe.

Kazi ya utumbo

Aghalabu watu huudhani utumbo kuwa ni mfereji tu wa kupitishia chakula. Kwa kweli utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kiasi cha mita sita, ni kiwanda na pia ni ngome. Ukuta wake wa ndani umejaa vijidole vidogo mno vinavyoongeza eneo la kufyonza chakula na maji. Kwa siku moja, lita nane au tisa za majimaji huingia katika utumbo wa mtu mzima, sehemu kubwa ikiwa ni mate na maji ya tumbo na kongosho, na takriban yote hufyonzwa tena. Mtu huharisha pale ufyonzaji huo unapolemewa, ama ukuta unapotoa maji kuliko unavyoyapokea.

Namna maji yanavyofyonzwa ilielezwa na mwanasayansi Robert Crane katika mkutano wa kitaalamu uliofanyika Prague mwaka 1960. Alionyesha kwamba sukari ya glukosi na chumvi ya sodiamu huingia katika chembe hai za utumbo zikiwa zimeshikana, kama abiria wawili wenye tiketi moja. Zikiisha kuingia, maji huzifuata. Baadaye iligunduliwa kwamba mlango huo hubaki wazi hata wakati wa kipindupindu. Hiyo ndiyo asili ya maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mtoto anayeharisha. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliyatumia maji hayo kwa wagonjwa wa kipindupindu, na vifo miongoni mwa waliotibiwa vikashuka hadi chini ya wanne kwa kila wagonjwa mia moja.

Hata hivyo maji ya chumvi na sukari humwokoa mtoto asikauke; hayaukarabati ukuta wa utumbo, wala hayamkingi asiharishe tena mwezi ujao. Kwa ajili hiyo wataalamu wakaigeukia zinki.

Zinki ni nini?

Wanafunzi wengi huijua zinki kama madini yanayopakwa juu ya mabati ili yasishike kutu. Mwilini hupatikana kwa kiasi kidogo sana, lakini zaidi ya vimeng'enya mia tatu haviwezi kufanya kazi bila madini hayo. Chembe hai za utumbo huishi siku chache tu, kisha huanguka na nafasi zao kuchukuliwa na nyingine. Kiwanda kinachojijenga upya namna hiyo bila kupumzika ndicho huwa cha kwanza kuumia zinki inapopungua. Vivyo hivyo askari wa mwili wanaopambana na vijidudu huongezeka polepole pasipo zinki. Ni katika miaka ya 1960 tu ambapo daktari Ananda Prasad, baada ya kuwachunguza vijana waliodumaa huko Irani, aliwafanya wataalamu waanze kukubali kwamba binadamu naye anaweza kupungukiwa na madini hayo.

Ugali wa mahindi na maharage, ambao ndio mlo wa kila siku wa kaya nyingi za Handeni na Korogwe, una zinki ndani yake. Shida ni kwamba nafaka na kunde zina pia kitu kiitwacho fitati, kinachoishika zinki na chuma kwa nguvu na kuzizuia zisifyonzwe. Mtoto hushiba, lakini madini hupita tu. Katika utafiti wa Handeni, takriban thuluthi mbili ya watoto waliochunguzwa walionekana kuwa na upungufu wa zinki kabla jaribio halijaanza.

Jinsi jaribio lilivyopangwa

Utafiti huo uliongozwa na Jacobien Veenemans na Hans Verhoef wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, miongoni mwao Erasto Mbugi. Walichaguliwa watoto 612 wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano, ambao kimo chao kilikuwa chini ya wastani wa umri wao. Kwa kura, watoto waligawanywa katika makundi manne:

(a) waliopewa zinki peke yake;
(b) waliopewa mchanganyiko wa vitamini na madini, pamoja na chuma, lakini bila zinki;
(c) waliopewa zinki pamoja na mchanganyiko huo;
(d) waliopewa unga usio na kirutubisho chochote.

Wazazi hawakujua mtoto yupi anapata nini, wala wahudumu waliowapima. Mpango wa namna hii una faida mbili. Kwanza, kura huzuia watoto wenye afya nzuri wasirundikane katika kundi moja. Pili, makundi manne huwezesha maswali mawili kuulizwa kwa wakati mmoja: zinki ina faida gani, na mchanganyiko una faida gani?

Tahadhari ilihitajika. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Pemba, ambako watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walilazwa hospitali au kufariki kwa wingi zaidi kuliko wenzao wasiopewa, hata ikabidi sehemu hiyo ya jaribio isimamishwe. Kisiwa cha Pemba kilikuwa na malaria nyingi, na Handeni pia.

Zinki ilifanya nini?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na 2012. Kuhusu malaria, zinki haikuonyesha kinga yoyote. Kuhusu kuharisha, habari zilikuwa njema: watoto waliopewa zinki waliharisha kwa asilimia 24 pungufu. Maana yake, pale ambapo matukio 100 ya kuharisha yangetarajiwa, yalitokea 76. Mwanafunzi wa hisabati aangalie lakini kwamba tarakimu hiyo ni makisio: kwa hesabu za takwimu, faida halisi huenda ni ndogo kama asilimia 4 au kubwa kama asilimia 40. Kilicho wazi ni kwamba faida ipo.

Kadhalika zinki ilipunguza kwa robo homa zisizo na dalili ya kiungo chochote maalumu. Jambo hili lina uzito ukilitazama pamoja na uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Wilaya ya Korogwe mwaka 2013. Watoto 867 wa chini ya miaka mitano waliofikishwa hapo wakiwa na homa walipimwa, na ni takriban mmoja tu katika kila kumi aliyekutwa na malaria. Zamani kila homa katika bonde la Pangani ilihesabiwa kuwa ni malaria. Siku hizi homa nyingi zina chanzo kingine. Kirutubisho kinachopunguza homa zisizo za malaria kinastahili kuangaliwa. Ila watafiti wa Handeni hawakuficha upande wa pili: jumla ya safari za watoto kwenda zahanati haikuonekana kupungua.

Mgeni aliyemo tumboni

Mchanganyiko wa vitamini na madini ndio ulioleta mshangao. Mtu angetegemea kwamba ikiwa zinki moja husaidia, basi virutubisho vingi vitasaidia zaidi. Haikuwa hivyo. Watoto waliopewa mchanganyiko walielekea kuharisha zaidi kidogo, ingawa tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kutokea kwa bahati tu. Lakini watoto walipotenganishwa kufuatana na vimelea vilivyokutwa tumboni mwao mwanzoni mwa jaribio, picha ikabadilika.

Kimelea kilichohusika ni Giardia, kijidudu chenye chembe hai moja, ambacho Antonie van Leeuwenhoek alikiona kwa hadubini yake mwaka 1681 alipochunguza choo chake mwenyewe. Huingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, kisha hujibana kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kwa kitu kama kikombe cha kunyonya. Kwa mgeni anayekipata mara ya kwanza, Giardia huleta kuharisha na gesi tumboni. Watoto wengi wa vijijini, hata hivyo, huishi nacho pasipo dalili yoyote.

Miongoni mwa watoto wa Handeni ambao hawakupewa mchanganyiko, wale waliokuwa na Giardia waliharisha kwa kiasi cha thuluthi moja tu ya wenzao wasio na kimelea hicho. Ilikuwa kana kwamba mgeni huyo amefunga mlango wasiingie wageni wabaya zaidi. Lakini kwa watoto waliopewa mchanganyiko, kinga hiyo ilitoweka. Kati ya wenye Giardia, waliopata mchanganyiko waliharisha kiasi cha mara mbili ya wasioupata.

Sababu yake haijathibitishwa. Inakisiwa kwamba chakula kilichokusudiwa kwa mtoto hulisha pia vijidudu vilivyomo tumboni mwake, maana chuma ni lishe ya vijidudu vingi kama ilivyo lishe ya mtu. Huenda vile vile kwamba uwiano kati ya kimelea, vijidudu vingine na askari wa mwili huvurugika. Wala haifai mtu kuhitimisha kwamba Giardia ni rafiki wa kukaribishwa, kwa kuwa watoto hawakupewa kimelea hicho kwa kura; walikutwa nacho tu, na yawezekana walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine pia. Lililo dhahiri ni kwamba kirutubisho hakiingii katika chupa tupu. Huingia katika shamba ambamo tayari mna mimea, magugu na wadudu, na kila mbolea hunufaisha zaidi ya mmoja.

Kutoka maabara hadi chunguni

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalishauri kwamba mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvi na sukari. Utafiti uliofanywa kwa watoto 4,500 wa India na Tanzania, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kipimo kidogo zaidi cha zinki hutibu sawasawa na kile cha awali, na watoto hutapika kwa uchache.

Iko pia njia isiyohitaji duka la dawa. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, walichunguza kimea na togwa, vyakula ambavyo bibi zetu walivijua kabla ya maabara. Nafaka inapooteshwa na uji wake kuachwa uchachuke, fitati huvunjwa na madini huachiliwa. Zaidi ya hayo, uchachu huzuia vijidudu vingi vya kuharisha visizaane. Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walieleza mwaka 1994 kwamba watoto wa vijijini nchini Tanzania waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha kwa uchache zaidi.

Sehemu moja ya jambo hili yaweza kuonyeshwa darasani. Pikeni uji mzito wa mahindi, ugaweni katika bakuli mbili, uacheni upoe hadi uwe vuguvugu. Katika bakuli moja koroga kijiko cha unga wa kimea cha ulezi. Nyingine iacheni kama ilivyo. Baada ya dakika chache uji wenye kimea utakuwa mwepesi wa kunyweka, kwa sababu kimeng'enya cha kimea huikata wanga vipande vipande. Rudieni jaribio mkitumia kimea kilichochemshwa kwanza, na uji hautalainika. Wanafunzi waeleze kwa nini, na waeleze pia kwa nini bakuli la pili lilihitajika.

Hilo bakuli la pili ndilo lile kundi la watoto wa Handeni waliopewa unga mtupu. Pasipo kundi hilo, mchanganyiko wa vitamini ungesifiwa kuwa ni neema kwa kila mtoto, na hakuna ambaye angejua kwamba baadhi yao uliwazidishia maradhi.