Nasari Njema Hujulikana kwa Nini?

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ni taabu leo kupata mtaa usio na nasari, na mitaa mingine ina mbili au tatu zinazogombea watoto. Si jambo baya. Wazee wetu walimpeleka mtoto chuoni akajua alifu na be zake, na skuli ikamngoja mpaka meno ya utoto yakaanza kung'oka. Leo mtoto wa miaka 3 ana mkoba mgongoni na chupa ya maji shingoni, na mamake amesimama naye mlangoni mapema akingoja gari. Pesa zinazotolewa si haba. Ziko nyumba zinazojinyima nguo ya Idi ili karo ya mtoto huyu ipatikane. Basi ni haki ya mzazi kuuliza: kwa pesa hizi mwanangu apata nini?

Sisi tulikwenda kulitazama jambo hili kwa macho yetu, katika skuli mbili za mji mmoja, kwa asubuhi mbili zilizofuatana. Majina yao hatutayataja, kwani hatukwenda kumfedhehesha mtu.

Ya kwanza ina jengo zuri la ghorofa. Ukutani wamechorwa simba na twiga, na sare za watoto zampendeza kila azionaye. Tulikuta darasa la watoto zaidi ya 30, wa umri wa miaka 4, wamekaa safu safu wakinakili herufi za ubaoni. Kimya kilikuwa kikubwa. Mwalimu akisema neno, wote huliitika kwa sauti moja. Akiuliza swali, jibu ni moja tu, naye analo tangu mwanzo. Mtoto mmoja b yake iligeuka ikawa d. Ikafutwa. Akaandika tena, ikageuka tena. Mara ya tatu akalia. Kugeuza herufi ni jambo la kawaida kabisa kwa mtoto wa umri huo, na vidole vyake bado havijakomaa kwa kalamu, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia yule mwalimu, naye msichana mdogo aliyefundishwa hivyo hivyo. Muda wa saa nzima tuliokaa pale hatukusikia mtoto hata mmoja akitamka maneno matano yaliyo yake mwenyewe.

Tulipomweleza mkuu wa skuli tuliyoyaona hakukasirika. Alitujibu kwa upole kwamba wazazi ndio watakao. Daftari lisipojaa, akasema, mwezi ujao mtoto amehamishwa.

Ya pili iko nyuma ya msikiti, nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, sakafu yake imetandikwa mikeka. Mtu apitaye njiani angeidhania ni ghala, kwa vitu vilivyojazana: vifuu vya nazi, makumbi, vizibo vya chupa, simbi za pwani, mbegu za kila namna ndani ya makopo, vipande vya mbao vilivyosuguliwa visichome mkono. Pembe moja ni nyumba, ina mbuzi ya kukunia na vyungu vidogo. Pembe ya pili ni duka. Ya tatu ina vitabu vilivyoshonwa kwa mkono na walimu wenyewe, vimeandikwa Kiswahili. Watoto walisoma dua, wakaimba, kisha kila mmoja akamwambia mwalimu atakalolifanya asubuhi ile. Kijana mmoja wa miaka 4 alisema ataunda jahazi.

Jahazi lenyewe lilikuwa kifuu, na bahari ni beseni la maji. Mwalimu alichutama karibu naye, wala hakumfundisha kitu. Alimuuliza tu: "Na ukilipakia shehena, baba, litakwenda?" Mtoto akatia simbi moja, ya pili, ya tatu, akihesabu kwa sauti. Ya saba likazama.

"Kwa nini limezama?"

Mtoto alifikiri kitambo kirefu, na mwalimu akamngojea. "Limeshiba," akasema.

"Limeshiba nini, simbi au maji?"

Swali hilo lilimshinda pale pale, akarudi kujaribu. Baadaye, watoto walipokusanyika kueleza kila mmoja alilolifanya, alisimama akatoa khabari ya jahazi lake kwa maneno yasiyopungua khamsini. Katika asubuhi moja mtoto huyo alikusudia jambo, akalifanya, akahesabu, akakisia sababu, akalieleza mbele ya watu. Na daftari lake lilikuwa tupu.

Namna hii ya kufundisha haikuzuka hapo nyuma ya msikiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan wa nne, aliyefariki mwaka 2025, wakamlalamikia kwamba watoto wetu wabaki nyuma katika skuli, na kwamba wazazi waogopa kuwapeleka mahali watakapopoteza dini yao. Yeye alikuwa Imamu wa Ismailia, na walio wengi wa pwani ni Sunni. Hilo halikuzuia kitu. Taasisi yake ilimpa kazi mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, aliyezunguka mitaani na vijijini akizungumza na wazee, akina mama na walimu wa vyuo. Mwaka 1986 ikafunguliwa nasari ya kwanza ya mpango huo Mombasa. Mwaka 1990 mpango ukafika Unguja, na mwaka 1993 Uganda. Walimu walitolewa mitaa ile ile, wengi wao mabinti ambao hawakupata kusoma chuo cha ualimu, wakafunzwa kidogo kidogo huku wanafundisha. Mji wenyewe ndio wenye skuli: wao watoe chumba, wao waunde kamati, na wanawake wawemo katika kamati hiyo.

Sehemu ya njia hii, ile ya mtoto kusema atakalolifanya, kulifanya na kulieleza, ilitoka Marekani, kwa David Weikart na wenzake wa mji wa Ypsilanti, Michigan. Huko, tangu mwaka 1962, walichaguliwa watoto 123 wa watu weusi maskini. Baadhi wakatiwa nasari, wengine wasitiwe, na wote wakafuatwa mpaka walipofika umri wa miaka 40. Waliopata nasari walikuwa na kazi zaidi, na mapato zaidi, na polisi waliwakamata mara chache zaidi. Lakini Bi Swafiya na wenzake hawakuchukua nguo ya mtu wakaivaa ilivyo. Nyimbo ni zetu, hadithi ni za Mitume na za wanyama wa kwetu, na vifuu, kama mjuavyo, havinunuliwi.

Ama kuhusu matokeo, mwaka 2008 wataalamu Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walitoa uchunguzi wao juu ya watoto 423 wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliokwenda nasari, iwayo yote, waliwapita waliobaki nyumbani katika vipimo vya akili. Na waliokwenda nasari za mpango huu wakawapita wenzao wa nasari nyingine. Watoto hao hawakugawanywa kwa kura, wazazi wao ndio waliowachagulia, kwa hiyo si dalili isiyo na tundu. Hata hivyo kutofautiana kwa nasari na nasari kulionekana, na hilo ndilo linalotuhusu hapa.

Kwani ubora nao wapimika. Kipimo walichokitumia wataalamu hao kilitungwa Marekani na Thelma Harms na Richard Clifford, kikatolewa mwaka 1980. Mpimaji hukaa darasani kwa masaa, akatoa alama kutoka 1 mpaka 7: tatu ni kiasi cha kutosha tu, tano ni vizuri. Hutazama mikono yaoshwa namna gani kabla ya kula, vitu vya kuchezea viko mtoto anapovifikia au juu ya kabati, na zaidi ya yote hutazama mwalimu azungumza vipi na watoto. Simba na twiga wa ukutani hawawezi kuiokoa skuli ambayo mtoto hana nafasi ya kusema.

Wako watakaosema kwamba kucheza ni upuuzi, na kwamba Waislamu tuna njia yetu ya kulea. Tuna njia yetu, naam. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mwema, maana kumzuia mchezo na kumlemea kwa masomo daima kwaua moyo wake na kupumbaza akili yake. Ibn Khaldun, mwaka 1377, katika Mukadima yake, aliweka mlango mzima kueleza kwamba ukali juu ya wanafunzi, khasa watoto wadogo, huwadhuru na kuwafunza uwongo na hila. Na Mtume (S.A.W.), mwenye mambo ya umma mzima mabegani, alikuwa akimwendea Abu Umayr, nduguye mdogo Anas bin Malik, akimuuliza khabari za kijindege chake kilichokufa. Hakumuuliza alilohifadhi. Alimuuliza jambo ambalo mtoto yule alilijua, naye ana la kusema.

Liko jambo moja lililotuudhi katika skuli ile ya pili, nalo ni mshahara. Mwalimu tuliyemsifu alikuwa hajalipwa miezi miwili, kwa kuwa wazazi wengi hawajatoa karo, na miongoni mwao wako waliofanya harusi kubwa mwezi ule ule. Wenye mpango waliliona tatizo hili zamani, wakaanzisha akiba ya kuwekezwa ili faida yake isaidie skuli. Lakini akiba hiyo ni msaada tu, haiwezi kuwa badala ya mzazi. Mwalimu mzuri asiyelipwa huondoka, na nasari hubaki na mikeka na vifuu.

Mzazi atakaye kuchagua na aombe ruhusa akae darasani saa moja, asubuhi, siku asiyotazamiwa. Asitazame madaftari. Na asikilize ni nani asemaye zaidi, na mtoto akikosea afanywa nini.

Siku tuliyokuwa pale alikuja baba mmoja na kofia yake ya viua, amekasirika, akasema binti yake ana miezi sita hapa na hajaleta nyumbani hata ukurasa mmoja ulioandikwa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkaribisha mkekani. Alikaa kwa shingo upande. Bintiye alikuja akamshika mkono, akamwambia, "Baba, njoo nikuonyeshe mashua inavyoshiba." Tulipoondoka saa tano alikuwa amechutama kando ya beseni, kanzu ameikunja magotini, na binti amemkataza kutia simbi nyingine mpaka kwanza akisie zitaingia ngapi.