Masikio ya mwisho ya mwaka 1914

Mtoto wa kike wa Kigiriama aliyezaliwa mwaka 1900 alikuwa na miaka 14 Waingereza walipoilipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, Agosti 1914. Alikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka nani alikimbilia wapi na mbuzi wa nani walichukuliwa. Akijaaliwa kufika miaka 75, alikuwa bado hai mwaka 1975, akisimulia kando ya meko. Mjukuu wake aliyezaliwa 1962 alikuwa na miaka 13 wakati huo, na leo, popote alipo kati ya Mariakani na Mambrui, ameshavuka sitini, umri ambao serikali humstaafisha mtumishi wake. Kati ya mjukuu huyu na vita vya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahimiza Wagiriama kuwapinga Waingereza, pana mdomo mmoja tu. Kwa mwanawe ipo miwili, kwa mjukuu wake mitatu. Kwa hesabu hiyo naamini kwamba anayefaa zaidi kuiandikia pwani ya Kilifi riwaya ya kihistoria ni mstaafu ambaye pengine hajawahi kuandika riwaya yoyote, na kwamba wanaomwambia amechelewa wamehesabu vibaya.

Sehemu kubwa ya maandishi ya wakati ule kuhusu vita hivyo ilitoka kwa maofisa waliokuwa na jambo la kujitetea. Arthur Champion, msaidizi wa mkuu wa wilaya, alitumwa kudai kodi na vijana wa kwenda kufanya kazi, na serikali ikataka Wagiriama wauhame ukingo wa kaskazini wa mto Sabaki. Mwanahistoria Cynthia Brantley alizikusanya habari hizo kwa uangalifu katika kitabu chake cha 1981. Tunajua kwamba Mekatilili alikusanya watu kwa ngoma ya kifudu, kwamba watu walikula kiapo, kwamba yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola walikamatwa mwaka 1913 wakapelekwa Kisii, na kwamba mwaka uliofuata walitoroka wakarudi kwao. Neno hilo “wakarudi” limebeba mamia ya kilomita. Njia yoyote waliyoishika, ilipita nchi za watu wasiojua Kigiriama. Walikula nini? Waliombaje maji? Mwanamke wa makamo na mwanamume asiye mumewe walizungumza nini usiku porini, kila mmoja akijua kuwa mwenziwe anaweza kufa kabla ya asubuhi? Mwanahistoria anayejiheshimu hunyamaza hapo, kwa kuwa hana hati. Riwaya huanzia hapo hapo, nayo huhitaji mtu aliyekwisha kuzika, kudaiwa, kuchoka na kusubiri, anayejua pia mambo madogo, kama vile mboga gani huota baada ya mvua ya kwanza na hupikwaje pasipo nazi.

Wapo watakaosema riwaya ni kazi ndefu, inataka nguvu za ujana. Mifano inakataa. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, aliyezaliwa 1896, alikamilisha mwaka 1945, akikaribia miaka hamsini, kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, riwaya nene ya maisha ya Wakerewe kabla ya wakoloni. Mwaka huo huo wa 1896 alizaliwa Sisilia mtu mwingine, Giuseppe Tomasi di Lampedusa, na Waitaliano wengi walioifanya Malindi makazi yao wanalijua jina lake. Yeye alianza riwaya yake ya pekee, Il Gattopardo, alipokaribia miaka 58, akiandika habari za ukoo wa kikabaila katika enzi ya babu wa baba yake. Wote wawili waliandika juu ya ulimwengu ambao walikuwa wameuona mkia wake ukipotea, jambo ambalo kijana hawezi kuliazima maktabani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kumbukumbu hudanganya, na simulizi ya bibi hukua kila inaposimuliwa. Ni kweli. Mstaafu asiyekwenda Nyaraka za Taifa kule Nairobi kulinganisha tarehe ataandika ngano. Lakini makosa ya bibi nayo yana maana: akisema askari walikuwa elfu ilhali ripoti inasema mamia, ametueleza jinsi mtoto wa miaka 14 alivyowaona. Hati humpa mwandishi idadi, bibi humpa hofu, na ukurasa mzuri unavitaka vyote viwili.

Kwa mji wa Malindi wenyewe, suala gumu ni utumwa. Mji ulifufuka miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Unguja, na mashamba ya mtama na ufuta yakalimwa na maelfu ya watumwa, mazao yakipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Waliotoroka, yaani watoro, walijenga vijiji vyao bara, kikiwemo Fuladoyo. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. James Mbotela, mzao wa watumwa walioachwa huru wa Freretown, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kitabu cha kuheshimiwa kinachowashukuru sana Waingereza waliowaokoa mateka baharini. Mtoro aliyejikomboa kwa miguu yake mwenyewe anastahili riwaya yake. Nani ataiandika? Kijana wa miaka 25 akiketi barazani na kuuliza babu wa fulani alikuwa mtumwa wa nani, ataambiwa hana adabu, na kwa haki, maana vizazi vya pande zote mbili leo vimeoana na vinaswali safu moja. Mwalimu mstaafu aliyehudhuria matanga ya mji kwa miaka 40 hahitaji kuuliza, husimuliwa. Hata hivyo yeye ndiye anayebanwa zaidi na sitara: anayajua mengi na ana wengi wa kuwaonea haya. Hili naliona ndilo pingamizi kali kuliko yote, na wengine litawashinda, waandike historia iliyooshwa. Dawa imo ndani ya riwaya yenyewe. Hubuni jina, nyumba na shamba, ikasema lililotendeka bila kumwaibisha jirani, mradi mwandishi asitumie majina ya kubuni kuuficha ukweli wenyewe.

Mfano wa karibu zaidi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyetoa Desertion mwaka 2005 akiwa amevuka miaka hamsini na tano. Kisa chake kinaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani kaskazini ya Mombasa. Afterlives ilitoka 2020, yeye akiwa na miaka zaidi ya 70. Ni kazi kubwa, zilizoandikwa kwa Kiingereza na mtu aishiye Uingereza. Kwa Kiswahili, tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na huo ni mlango. Wachapishaji wetu wajue tu kwamba mswada wa mtu wa miaka 66 haufai kulala mezani. Il Gattopardo ilikataliwa na wachapishaji, ikatoka 1958, mwaka mmoja baada ya mwandishi kufa. Kitereza alishindwa kupata mchapishaji wa Kikerewe, akakitafsiri kitabu chake kwa Kiswahili mwenyewe. Kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukikamilisha. Alifariki 1981.