Mazungumzo ya Tovutini: Lihesabiwe Swali, Si Kitufe

Tovuti nyingi za biashara zina dirisha dogo la mazungumzo pembeni mwa ukurasa, na nyuma ya pazia zina Google Analytics inayohesabu wageni. Vyombo hivi viwili mara nyingi huishi nyumba moja bila kujuana. Programu ya mazungumzo inajua mgeni ameuliza nini na nani amemjibu. Takwimu zinajua alitokea wapi, alipitia kurasa gani na kama mwishowe alilipia. Kuviunganisha ni kazi ya saa chache kwa fundi anayeijua, na faida yake ni kubwa, ila yote hutegemea uamuzi mmoja unaofanywa mwanzoni kabisa, nao mara nyingi hufanywa bila kufikiriwa: ni tendo gani litahesabiwa kuwa mazungumzo? Ninachoshikilia ni kwamba lihesabiwe swali, yaani ujumbe wa kwanza alioandika mgeni kwa mkono wake, pamoja na ukurasa aliokuwapo alipouandika.

Ili kuona kwa nini, inafaa kujua mambo yanavyokwenda ndani. Google Analytics ya sasa, iliyozinduliwa Oktoba 2020 na kubaki peke yake baada ya toleo la zamani kuacha kuchakata data za akaunti za kawaida Julai 2023, huandika kila kitu kama tukio. Tukio lina jina na vigezo visivyozidi 25, na anwani ya ukurasa huambatanishwa yenyewe. Kwa kuwa kubofya ndilo tendo jepesi kulinasa, wengi huanzia hapo, na hapo hapo hukwama: dirisha la mazungumzo kwa kawaida hukaa ndani ya fremu inayoletwa kutoka seva nyingine, na kivinjari, kwa sababu za usalama, hakiruhusu msimbo wa ukurasa kuchungulia ndani ya fremu ya wenyewe. Njia ya haki ni kuitumia programu yenyewe. Tawk.to, kwa mfano, humpa fundi nafasi ya kuandika msimbo unaoamka dirisha linapofunguliwa, mazungumzo yanapoanza, mgeni anapotuma ujumbe, au anapoacha ujumbe wakati wahudumu hawapo. Kila mwamko unaweza kupelekwa kwenye takwimu kama tukio. Basi orodha ni ndefu, na kishawishi cha kuyapeleka yote ni kikubwa.

Matukio hayo hayana uzito sawa. Madirisha mengi hupangwa yajifungue yenyewe baada ya sekunde kadhaa na kutoa salamu ambayo hakuna aliyeiomba. Ukihesabu kufunguka, umehesabu mipangilio yako mwenyewe. Ukihesabu kubofya, umechanganya anayetaka msaada na aliyegusa kwa bahati mbaya akitafuta namna ya kulifunga dirisha, jambo la kawaida kwenye kioo kidogo cha simu. Ujumbe wa mgeni ni kitu kingine. Mtu amesimama, ameandika, anasubiri. Amekiri kwamba ukurasa haukumtosheleza.

Tuchukue hoteli ya pwani ya Zanzibar. Tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi wanatakiwa kununua bima ya safari ya visiwani, ambayo kwa mtu mzima ilitangazwa kuwa dola 44 za Marekani. Hoteli ambayo ukurasa wake wa bei hauitaji bima hiyo itaulizwa: je, imo ndani ya bei? Mhudumu atajibu, kesho atajibu tena, na kila mgeni ataondoka ameridhika. Ndani ya programu ya mazungumzo hiyo itaonekana huduma nzuri. Ndani ya takwimu zilizounganishwa vizuri itaonekana tofauti: ukurasa mmoja unazaa maswali mengi kupita nyingine zote kwa kila wageni 100 wanaoufikia. Sentensi mbili zikiongezwa pale, maswali yatapungua, na watanufaika zaidi wale ambao hawakuuliza kabisa bali waliondoka kimyakimya.

Hapa kuna pingamizi lenye nguvu. Wauzaji wa programu hizi hupenda kuonyesha kwamba wageni waliozungumza hununua zaidi kuliko wasiozungumza, na mwenye biashara anaweza kuuliza: kwa nini nitake mazungumzo yapungue? Ulinganisho huo hauthibitishi kinachodaiwa. Anayejisumbua kuuliza juu ya bima ya safari tayari amekaribia kufunga safari. Hamu yake ndiyo iliyomleta kwenye dirisha. Anayetaka kujua kama dirisha linauza alionyeshe kwa nusu ya wageni, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, alifiche kwa nusu nyingine, kisha alinganishe mauzo ya makundi yote mawili kwa ukamilifu wake, wakiwamo wasioandika neno. Tovuti yenye wageni wachache itahitaji muda mrefu kabla jibu halijaaminika, lakini hata jibu la polepole ni bora kuliko hesabu inayomsifu kila mwenye dirisha.

Wengine watasema: kama swali ndilo lenye thamani, basi tupeleke maneno yenyewe kwenye takwimu. Hili lisifanyike. Kiufundi ni rahisi mno, kwa sababu ule mwamko wa Tawk.to huja umebeba ujumbe wa mgeni. Lakini watu huandika barua pepe, namba za simu, hata za pasipoti, na Google inakataza kupelekewa taarifa zinazomtambulisha mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na mgeni aliyemwandikia mhudumu hakukubali barua yake isambazwe. Maneno yabaki kwenye programu ya mazungumzo. Kinachosafiri kiwe mada tu: bima, usafiri, malipo. Mada isajiliwe mapema kama kipimo maalumu, maana Google Analytics hairudi nyuma kukijaza.

Tarakimu za pande mbili hazitalingana, kwa kuwa baadhi ya vivinjari huzuia takwimu na baadhi ya wageni hukataa vidakuzi. Uwiano kati ya kurasa ndio wa kutazamwa.

Kwetu Afrika Mashariki kikwazo kigumu zaidi ni WhatsApp. Tovuti nyingi hazina dirisha, zina kitufe cha kijani kinachompeleka mgeni nje, na takwimu huona mlango ukifunguliwa tu. Hapo swali haliwezi kunaswa moja kwa moja. Hata hivyo kiungo cha WhatsApp huruhusu ujumbe wa kuanzia uandikwe mapema, na kila ukurasa unaweza kuwa na wake: «Nauliza kuhusu bei za vyumba». Mgeni anaweza kuufuta, na wapo watakaoufuta. Wasioufuta humwambia mhudumu ukurasa walikotoka, naye akihesabu mwisho wa wiki maswali yaliyokuja na kila ujumbe, atakuwa na jedwali la kuweka kando ya idadi ya waliobofya kwenye kila ukurasa.