Ginny alichukua ufagio bila kungoja ruhusa. Wewe unangoja nini?

Hebu nikuulize: mchezaji mkali zaidi wa Quidditch ni nani? Najua utasema Harry Potter. Ukitaka kuonekana mjuaji kidogo, utasema Viktor Krum wa Bulgaria. Sawa. Lakini kaa hapa dakika tatu nikupe jina ambalo wengi hulipita mbio: Ginny Weasley.

Kama hujasoma vitabu vya J.K. Rowling, usijali. Quidditch ni mchezo wa wachawi, huchezwa hewani juu ya fagio. Kila timu ina watu saba: wafungaji watatu, kipa, wawili wenye marungu wa kupiga ile mipira mizito inayowafukuza wachezaji, na mtafutaji mmoja. Bao ni pointi 10. Kazi ya mtafutaji ni kunasa Snitch, kampira ka dhahabu kenye mabawa. Akikanasa, timu inapata pointi 150 na mechi inaisha hapo hapo.

Sasa Ginny. Yeye ni kitindamimba wa watoto saba, na sita waliomtangulia wote ni wavulana. Pesa kwao ni za kuhesabu, vitu vingi ni mitumba. Kaka zake wakicheza Quidditch nyumbani, yeye hachezeshwi. Kama ulikua na makaka unaijua hii stori: wewe ni mdogo, utaumia, nenda ukamsaidie mama.

Hakulia wala kubembeleza mtu. Tangu akiwa na miaka sita, alikuwa akivunja stoo ya fagio na kuchukua za kaka zake moja baada ya nyingine, wakiwa hawaangalii. Akafanya hivyo miaka, na kaka zake hawakujua. Siku alipoonyesha uwezo, kaka zake walibaki kuulizana huyu amejulia wapi, na hatukuwahi kumchezesha!

Na nafasi yenyewe ilikuja vibaya. Kwenye kitabu cha tano, kilichotoka 2003, Harry anapigwa marufuku kucheza. Timu ya Gryffindor inahitaji mtafutaji haraka, na Ginny anachukua jezi ya staa. Fikiria hiyo presha. Mechi dhidi ya Hufflepuff, timu yake inazidiwa kila upande. Yeye ananasa Snitch, wanapoteza 240 kwa 230. Piga hesabu: bila zile 150 zake, wangekuwa na 80 tu. Kichapo cha aibu kikawa kichapo cha bao moja. Mechi ya mwisho, dhidi ya Ravenclaw, anamnyakulia Cho Chang Snitch mbele ya pua, na kombe linakuja nyumbani.

Hapa ndipo namheshimu zaidi. Harry aliporudi, Ginny hakugombania kiti. Alikuwa ameshasema yeye hupenda kufunga mabao kuliko kutafuta. Akaenda majaribio ya wafungaji kama mtu mwingine yeyote, akawapita wote, akafunga mabao 17. Hakuna wa kusema alipewa nafasi kwa sababu ya jina la kaka.

Kama umemwona kwa filamu tu, basi umemwona nusu. Rowling alieleza baadaye kwamba Ginny alichezea Holyhead Harpies, timu ya Wales ya wanawake watupu, kisha akawa mwandishi wa habari za Quidditch gazetini.

Utaniambia hiyo ni hadithi tu. Kweli. Lakini mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha Middlebury kule Marekani walianza kuucheza kwa miguu, ufagio katikati ya mapaja, wavulana na wasichana timu moja. Tangu 2022 unaitwa quadball. Hata jirani zetu Uganda wameucheza, kijijini Katwadde karibu na Masaka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Nilianza kuandika kwa simu ya binamu yangu, akishalala. Hakuna aliyeniita mwandishi, na mimi mwenyewe niliona haya kusema. Kisha wikendi moja mtu alikosa kuleta makala, nikaulizwa kama nina kitu. Nilikuwa nacho. Nilikuwa navyo kumi na vinne.

Sisemi uvunje stoo ya mtu, usije ukanitaja kituo cha polisi. Nasema hivi: nafasi mara nyingi huja kwa sababu mwingine ameumia, amefungiwa au amechelewa, na haitoi notisi. Hiyo siku haitakuuliza kama uliruhusiwa kufanya mazoezi. Itauliza tu kama uliyafanya.

Kwa hivyo leo jioni, wakiwa hawaangalii, utashika nini?