Mchezo wa Kompyuta Usiokubali Sasisho

Mtu aliyenunua mchezo wa kompyuta katika miaka ya 1990 alipewa diski ndani ya kisanduku, na aghalabu yaliyokuwamo katika diski ile siku ya kwanza ndiyo yaliyosalia humo hata siku ya mwisho. Na kama watungaji wa mchezo waligundua kasoro baadaye, dawa ya kasoro hiyo ilibidi itafutwe na mchezaji mwenyewe, ama katika intaneti iliyopita kwenye waya wa simu, ama katika diski zilizoambatishwa na magazeti ya michezo. Hali hiyo ilianza kubadilika tarehe 12 Septemba 2003, kampuni ya Valve, ya mji wa Bellevue katika jimbo la Washington, Marekani, ilipoitoa programu ya Steam, ambayo kusudi lake la awali halikuwa kuuza michezo ya watu wengine, bali kuyafikisha masasisho ya michezo ya Valve yenyewe kwa wachezaji wake pasipo wao kuhangaika. Mwaka uliofuata, mchezo wa Half-Life 2 ulipotoka mwezi wa Novemba, hata yule aliyeununua katika diski alilazimika kuwa na Steam ndipo aweze kuucheza. Tangu hapo michezo mingi imekuwa vitu visivyokamilika, vinavyoongezwa na kurekebishwa mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana sasisho likikwama, mchezo nao hukwama.

Mchezaji anayefikwa na mkwamo huo ana mazoea ya kuufuta mchezo wote na kuupakua upya. Nasema bayana kwamba mazoea hayo yana hasara kubwa kuliko faida. Mchezo mkubwa wa leo huweza kuzidi GB 100, na kwa mkazi wa Tanga au Kisumu anayeishi kwa kununua bando, kuupakua tena kwa ukamilifu wake ni gharama inayoweza kumnyima data ya masomo na ya kazi. Ilhali kasoro iliyolizuia sasisho, kama ni ya diski au ya ruhusa, itakuwa inamngoja pale pale mara upakuaji utakapokwisha.

Ili kutambua kasoro imekaa wapi, hapana budi kujua kwanza sasisho hufanya kazi gani. Steam hulikata kila faili la mchezo katika vipande vya ukubwa wa takriban MB 1, na kila kipande hupewa alama yake ya utambulisho, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, hata ikibadilika herufi moja tu, alama nzima hubadilika. Toleo jipya linapotoka, kompyuta huletewa orodha mpya ya vipande na alama zao, ikailinganisha na orodha ya toleo la zamani, kama karani wa bandari anavyolinganisha hati ya shehena na magunia yaliyoteremshwa gatini, kisha ikaviagiza vile tu ambavyo haina.

Kuviagiza vipande ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo inayowatia watu wengi wasiwasi bure. Steam hailibadilishi faili la zamani mahali lilipo. Hulijenga jipya kando yake, kwa kuchukua vipande vya zamani vilivyo vizima na kuvichanganya na vile vilivyoletwa, na mafaili yote yakishakamilika ndipo huyaondoa ya zamani na kuyaweka mapya mahali pake. Valve yenyewe huwaeleza watungaji wa michezo kwa mfano kwamba, kama faili moja lina GB 25, na kilichobadilika ndani yake ni baiti 10 tu, kompyuta ya mchezaji italazimika kuliandika upya faili lote la GB 25. Basi mtu huona sasisho dogo, mwendo wa upakuaji ukiwa sifuri, na mstari wa maendeleo umesimama kwa nusu saa, naye akadhani mambo yamekwama, ilhali diski yake inafanya kazi kwa bidii. Kabla ya kutengeneza chochote, tazama kipimo cha matumizi ya diski: kama diski inaandika, kuwa na subira, wala usizime kompyuta, kwa maana kuizima katikati ya uandishi ni njia mojawapo ya kuleta uharibifu ambao haukuwapo.

Utaratibu huo huo ndio unaoeleza kwa nini sasisho la GB 2 hudai nafasi ya GB 30. Anayeona ujumbe kwamba nafasi haitoshi, na yeye anajua diski ina nafasi ya sasisho lenyewe, asidhani amedanganywa. Afute au ahamishe vitu vingine mpaka mafaili yote ya mchezo wake yanayobadilishwa yapate mahali pa kujengwa upya. Aidha, wale wanaoweka michezo katika diski za nje wachunguze muundo wa diski hizo, kwani muundo wa zamani wa FAT32 haukubali faili moja linalofikia GB 4, hata kama diski nzima ni tupu. Na dawa yake ni kuhamisha vilivyomo, kisha kuiandaa diski upya kwa muundo wa NTFS.

Pale ambapo diski haiandiki, na nafasi ipo, usomwe ujumbe wa kosa. Watu wengi huufunga pasipo kuusoma, nao ndio uliobeba nusu ya jawabu: kama unasema diski imeshindwa kuandika, kama unasema faili limefungwa na programu nyingine, au kama unasema seva haipatikani, kila mmoja una njia yake. Faili lililofungwa aghalabu huachiliwa kwa kuizima kompyuta na kuiwasha upya, tena si kuilaza tu. Kushindwa kuandika mara nyingi hutokana na programu ya kukinga virusi, inayolitilia shaka faili jipya la mchezo na kulizuia. Na Windows 10 yenyewe, tangu mwaka 2017, ina ulinzi wa folda ambao ukiwashwa hukataza programu zisizo na idhini kuandika mahali palipolindwa. Katika hali hiyo folda ya mchezo iongezwe katika orodha ya vilivyoruhusiwa. Kuiondoa kinga yote ili mchezo upite ni jambo la hatari, wala silipendekezi kwa mtu yeyote.

Baada ya hayo ndipo ifuate tiba iliyo bora kuliko zote, nayo ni kuhakiki mafaili. Katika sifa za kila mchezo ndani ya Steam, chini ya sehemu ya mafaili yaliyosakinishwa, ipo amri ya kuhakiki, ambayo huzisoma alama za vipande vyote vilivyomo diskini na kuagiza vilivyoharibika peke yake, hata mchezo wa GB 100 ukapona kwa MB chache. Pengine itasemwa kwamba faili moja au mawili yameshindwa. Hayo huweza kuwa mafaili ya mipangilio yako binafsi, wala si ishara ya ubovu. Aliyeongeza nyongeza zake mwenyewe katika mchezo azitolee nakala kwanza, kwa kuwa uhakiki huweza kuziondoa. Na endapo uhakiki unapata mafaili mabovu kila unapofanywa, leo haya na kesho mengine, mchezo hauna hatia: diski au kumbukumbu ya kompyuta inakufa, na nyaraka muhimu zinakiliwe mahali pengine siku hiyo hiyo.

Seva isipopatikana, kuna mambo ya nje yasiyotengenezeka nyumbani. Steam hufanyiwa matengenezo ya kila juma siku ya Jumanne, na kungoja kidogo hutosha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, zipitazo chini ya bahari, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku kama ile hakuna amri ya kompyuta ifaayo. Lakini ikiwa tovuti nyingine zafunguka vyema, isafishwe hifadhi ya muda ya upakuaji katika mipangilio ya Steam, ukikumbuka kwamba utatakiwa kuingia upya kwa nywila yako, kisha uchaguliwe mji mwingine wa kupakulia. Wenye kompyuta za mtumba watazame na saa: betri ndogo ya ubao mkuu ikiisha, tarehe hurudi miaka mingi nyuma, na vyeti vya usalama vya seva hukataliwa kana kwamba ni vya uongo. Na yule anayetumia Windows 7 au 8 afahamu kwamba Steam iliacha kuzihudumia tarehe 1 Januari 2024.

Ikiwa yote yameshindikana, na kufuta kumekuwa hakuepukiki, ipo njia ya kuokoa bando ambayo vijana wa vituo vya michezo wangestahili kuijua zaidi: tangu mwaka 2023 Steam huweza kuuhamisha mchezo kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa ndani wa nyumba au ofisi, maadamu anayepokea anaumiliki mchezo huo kwa haki, na data ya intaneti inayotumika ikawa chache mno. Ombi langu kwa msomaji ni moja: kabla ya kubofya amri ya kufuta, tafuta kumbukumbu za maendeleo yako na kuzitolea nakala, kwa kuwa si michezo yote inayozihifadhi katika seva, na baadhi yake huziweka ndani ya folda ile ile inayofutwa.