Kuunganisha breki za pikipiki: hesabu ambayo fundi wa Bukavu hapaswi kuikosea

Bukavu ni mji wa vilima. Anayeteremka kutoka Kadutu kuelekea Ibanda, au anayepita miteremko ya Ngomo kwenye barabara ya Uvira, anajua kwamba uhai wa abiria wa pikipiki uko kwenye breki.

Waendeshaji wengi hutegemea kanyagio la nyuma peke yake. Wanaogopa kwamba breki ya mbele itawaangusha, na kwenye matope ya msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, hofu hiyo ina sababu. Lakini hesabu ya uzito inaonyesha hatari ya kuitumia breki ya nyuma tu.

Chukua pikipiki ya kilo 120, motari wa kilo 65 na abiria wa kilo 65. Jumla ni kilo 250. Ikiwa imesimama, tuseme gurudumu la mbele linabeba kilo 100 na la nyuma 150. Motari akifunga breki kwa nguvu ya wastani kwenye barabara kavu, kilo kama 60 huhamia mbele. Sasa mbele kuna 160 na nyuma 90 tu. Gurudumu linalobanwa ndilo lililobaki jepesi, kwa hiyo huteleza mapema. Mteremkoni hali huwa mbaya zaidi.

Ndiyo maana watengenezaji walibuni breki zilizounganishwa: kanyagio moja hubana magurudumu yote mawili. Moto Guzzi ya Italia iliuza pikipiki ya namna hiyo, 850 T3, tangu 1975. India, zinakotoka Bajaj na TVS, iliagiza kuanzia Aprili 2019 kwamba kila pikipiki mpya ya hadi cc 125 iwe angalau na breki hizo, na kubwa zaidi ziwe na mfumo wa ABS unaozuia gurudumu kukwama. Hata hivyo, sheria hiyo inahusu pikipiki zinazouzwa India, si kila inayosafirishwa nje.

Fundi anayejiundia pikipiki, au anayebadilisha iliyopo yenye breki za dramu, anaweza kufanya kazi hiyo kwa kebo mbili na kipande cha chuma kinachocheza kama mizani. Kanyagio huvuta katikati ya mizani. Ncha moja huvuta breki ya nyuma, nyingine ya mbele. Ncha iliyo karibu na kipini hupata nguvu zaidi. Kebo ya nyuma ikiwa sentimita 2 kutoka kipini na ya mbele sentimita 4, nyuma hupata theluthi mbili na mbele theluthi moja. Mgawo huo mdogo wa mbele ni kwa ajili ya matope. Springi kwenye kebo ya mbele huifanya ianze kushika baada ya ile ya nyuma.

Kosa kubwa zaidi huonekana siku kebo moja inapokatika. Mizani isiyo na kizuizi itapinduka, na kanyagio litazama bila kuvuta chochote: breki moja imeharibika, zote mbili zimepotea. Vizuizi viwili vya chuma, kimoja kila upande, huifanya mizani igote ili kebo iliyobaki iendelee kuvuta.

Mkono wa breki kwenye usukani nao ubaki na kebo yake, isiyopita kwenye mizani. Kebo zote ziwe na urefu wa kutosha usukani unapokatwa hadi mwisho na shokapu za mbele zinapobonyea. Ikikazwa mno, breki itajifunga yenyewe kwenye kona.

Majaribio yafanywe kwenye uwanja tambarare na mkavu, mwendo wa polepole, bila abiria. Kisha fundi alegeze kebo moja makusudi, halafu nyingine, na kila mara ahakikishe pikipiki bado inasimama.

Mfumo huu hauzuii dramu kupata moto kwenye mteremko mrefu, ingawa hugawa joto kwa magurudumu mawili. Motari anayeshuka gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta bado anaziachia breki kazi yote. Gia ndogo hutangulia, breki husaidia.